Maombi ya Sebuleni

Ijumaa, 27 Desemba

Wageni wa Krismasi wameondoka leo, wote isipokuwa mmoja. Nilisimama mlangoni nikipunga mkono mpaka bega likauma, nikisema "Karibuni tena, karibuni sana," huku moyoni nasema nendeni, jamani, nendeni salama, lakini nendeni. Kisha nikarudi ndani nikakaa kwenye kiti cha kwanza nilichokiona. Kilikuwa na maganda ya chungwa. Nikayakalia hivyo hivyo.

Mashuka ya nyumba nzima yamelowekwa. Masufuria makubwa niliyoazima kanisani hayajarudishwa, na moja limeungua chini. Sebuleni kuna mti wa Krismasi wa plastiki, umeinama upande mmoja tangu watoto walipougombania. Nyuma ya mti kuna godoro, na kando ya godoro kuna begi la kijivu la wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye ndiye aliyebaki. Nilimpeleleza kwa ujanja: "Wifi, nikufulie gauni la safari?" Akanijibu, "Usijisumbue, wifi, bado lipo safi."

Sijaandika humu tangu Novemba. Leo naandika kwa sababu sina nguvu ya kufanya kitu kingine chochote.

Jumapili, 29 Desemba

Kanisani viti vitupu. Waliojaa siku ya Krismasi wamejificha mpaka Pasaka. Mchungaji alihubiri kwa sauti ya mtu mwenye mafua, nami niliposali niliona maneno yangu hayapiti dari. Nikamwambia Mungu nimechoka. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Wifi hakuimba. Mke wa mwalimu wa kwaya mzima! Alishika kitabu cha nyimbo akafunga mdomo.

Jumanne, 31 Desemba

Wengine wameenda mkesha. Mimi nalala. Mungu ananijua.

Alhamisi, 2 Januari

Kila Januari sebule yangu inageuka kiwanda. Nashona sare za shule, hasa sketi za marinda, na wazazi wote wa mtaa huu hukumbuka siku moja kwamba watoto wao wamerefuka. Cherehani inakaa dirishani penye mwanga. Mwaka huu dirishani pana mti, na nyuma ya mti pana wifi. Nikitaka kutandaza kitambaa inabidi akunje godoro, na akishakunja godoro hana pa kwenda, basi anasimama jikoni kwangu akifunua masufuria.

Nieleze kuhusu sala zetu, maana nikizeeka nikasoma humu nitadhani tulikuwa watakatifu. Tukimaliza kula jioni, kabla ya vyombo, tunapiga magoti sebuleni na kila mtu anaomba kwa sauti, kuanzia mdogo. Marehemu mama mkwe ndiye aliyeanzisha, na pamoja na sala alianzisha na hii nyingine: jambo usiloweza kumwambia mtu usoni unamwambia Mungu, mwenyewe akiwa amepiga magoti hapo hapo kando yako. Wiki ya kwanza ya ndoa yangu aliomba, "Bwana, ibariki mikono iliyopika, na uionyeshe chumvi ilipo." Nililia jikoni. Mwaka uliofuata nilikuwa nimeshaiva, na nikamwomba Bwana awape subira wazee wanaoamka alfajiri na kugonga milango ya watu waliooana juzi.

Mpaka leo ndivyo tunavyoishi. Baba watoto, badala ya kuniambia, humshukuru Mungu kwa umeme na kumwomba awafundishe watu kuzima taa. Dada Mkubwa, binti yetu wa kwanza, huombea wazazi wenye mioyo migumu kuhusu simu. Kitinda, wa mwisho, ana miaka saba na bado hajajua ujanja. Yeye huomba viatu.

Leo akaongeza, "Na Mungu umpe shangazi mtoto, nicheze naye." Shangazi yake alinyanyuka kabla ya Amina akaenda kuosha vyombo. Tukamalizia sala kwa kusikiliza sahani zikigongana. Na mpaka sasa wifi hajaomba hata siku moja. Zamu yake ikifika anasema "Amina" basi. Mtu aliyezaliwa kwenye sebule hii hii! Naona ni kiburi.

Mimi niliomba kwa upole kabisa: "Bwana, wakumbuke wote walio mbali na nyumba zao. Wape safari njema." Baba watoto alikohoa.

Jumatatu, 6 Januari

Mti wa Krismasi ulipaswa kushushwa leo. Haukushuka. Joto kali.

Jumatano, 8 Januari

Shemeji amepiga simu, mume wa wifi. Huyo shemeji ni mtu wa watu. Anafundisha kwaya katika mji wao, ana sauti ambayo hata akikuuliza saa unatamani ajibu mwenyewe, na hajawahi kunisahau kwa salamu. Aliongea na baba watoto, wakacheka, wakaulizana habari za mvua. Kisha akasema, "Mwambieni mwenzangu kwaya inamsubiri."

"Huyu hapa, ongea naye," baba watoto akamwambia, akimnyooshea wifi simu.

"Hapana, hapana, ninyi mwambieni tu."

Nikawaza, mtu mpole, hataki kumlazimisha mkewe. Wifi alikuwa ameshika uzi na sindano. Hakuinua kichwa.

Tulipoingia chumbani nilimuuliza baba watoto, "Dada yako anakaa mpaka lini?"

"Hapa ni kwao."

"Kwao ni kwa mume wake."

"Na hapa pia, mama watoto. Wana mambo yao ya ndani, yataisha."

"Mambo gani?"

"Ya ndani," akasema, akageukia ukutani. Huyu mume wangu siku nzima anazunguka nyumba za watu akisoma mita za maji. Anajua kila bomba linalovuja mtaani. Ya kwao hataki kuyafungulia hata kifuniko.

Nami sikumuuliza wifi. Sababu ni kwamba ningemuuliza angejibu, na akijibu ningekuwa na mzigo mwingine, na mimi mizigo imenifika shingoni. Namwandikia nani uongo humu?

Jumamosi, 11 Januari

Maji yamekatika tangu juzi. Nimeshona sketi mpaka miguu imevimba. Nilipoingia jikoni kutafuta mwiko nikakuta hauko mahali pake. Hakuna kilichokuwa mahali pake. Wifi amepanga upya jiko langu: vikombe chini, masufuria juu, chumvi nyuma ya unga.

"Nimeona hivi ni rahisi zaidi," akasema.

"Ahsante, wifi."

Nilijikaza kisabuni. Nikavuta pumzi. Nikaenda chooni nikajifungia nikakaa tu, kwa sababu ni chumba pekee cha nyumba hii ambacho hakuna mtu ananiuliza kitu. Hata humo Kitinda aligonga.

Jioni nikaomba, "Bwana, ulimpa kila mwanamke jiko lake. Tufundishe kila mmoja kulipenda la kwake." Dada Mkubwa alinitazama kwa jicho la pembeni. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kuosha sahani mbili hivi.

Jumapili, 12 Januari

Mchungaji kamshika wifi mkono mlangoni: "Msalimie sana mumeo. Mtumishi wa kweli yule." Wifi akasema "Zimefika."

Jumanne, 14 Januari

Marinda. Marinda. Marinda.

Ijumaa, 17 Januari

Leo nimetenda jambo, na sijui bado kama ni jema. Niliandike kama lilivyokuwa.

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Nilikuwa na rundo la sketi zinazosubiri pindo, kila moja imechomekwa kipande cha karatasi chenye urefu wa mtoto wake. Nilitoka kidogo kwenda kumpelekea mteja mzigo. Wifi, kwa nia njema, nakubali nia ilikuwa njema, akasema amsaidie mtu aliyechoka. Akatoa vile vikaratasi vyote akavitupa, maana alidhani ni takataka, akazipiga sketi zote pindo la urefu mmoja. Zimenyooka, nzuri, mshono mdogo mdogo usioonekana. Na zote ni za mtoto mmoja.

Nilizishika moja moja. Nikasema, "Wifi, umezitoa karatasi?"

"Karatasi zipi?" Kisha akaelewa. Akaweka mkono mdomoni. "Wifi, nisamehe. Nitazifumua, leo leo nitazifumua."

"Hakuna neno."

Afadhali ningepiga kelele! Ningempa vidonge vyake pale pale, tukalia wote wawili, tukafumua pamoja, ikaisha. Lakini mimi ni mke wa nyumba hii, na mke haambii dada wa mumewe aondoke. Nilisema hakuna neno, nikapika, nikapakua, tukala kimya. Kitinda akauliza kwa nini tunakula kama tuko msibani. Tukapiga magoti.

Ilipofika zamu yangu nikasema, na maneno yalitoka laini kabisa, wala sauti haikupanda: "Bwana, wewe unaona nyumba hii ilivyochoka. Mkumbuke dada yetu. Ana mume mwema, mtumishi wako, anayemsubiri. Mpe moyo wa kurudi kwake. Nasi utupe nafasi tupumue. Amina."

Hakuna aliyeitikia isipokuwa Kitinda. Wifi alibaki amepiga magoti, uso kwenye kiti, wakati sisi tumeshanyanyuka. Halafu akavuta kapu la sketi akaanza kufumua. Dada Mkubwa akaketi chini kando yake kumsaidia. Wanaendelea; mimi naenda kulala.

Jumamosi, 18 Januari

Ameondoka.

Nilikuwa nimelala vizuri kuliko siku yoyote tangu Krismasi, mpaka niliposikia mlango kulipopambazuka. Nikatoka na khanga yangu ya kulalia. Wifi alikuwa kizingitini amevaa lile gauni la safari, begi la kijivu mkononi.

"Wifi, mbona hivi? Subiri hata chai."

"Nitakunywa njiani."

"Kaka yako anajua?"

"Mwambie nimemsalimia." Akanitazama, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Maombi yako yamejibiwa, wifi. Usihuzunike."

Akaenda. Sikumkimbilia. Nilijiambia sina viatu.

Sebuleni godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba. Mti haupo. Ameushusha, ameufungua tawi kwa tawi, ameurudisha kwenye boksi lake pamoja na mapambo, kila pambo kwenye karatasi. Na juu ya cherehani kuna zile sketi. Wamezifumua zote, yeye na Dada Mkubwa, na vile vikaratasi wameviokota kwenye pipa la taka wakavinyoosha, na kila sketi imepigwa pindo la urefu wake na kupigwa pasi.

Sebule ina nafasi sasa. Nimetandaza kitambaa mpaka ukutani.

Jumapili, 19 Januari

Nimeirudisha chumvi mahali pake. Mwiko siuoni.

Jumanne, 21 Januari

Wateja wote wameshachukua sketi. Mmoja akasema mapindo ya mwaka huu ni mazuri kuliko yote. Nikasema ahsante.

Alhamisi, 23 Januari

Tangu wifi aondoke Dada Mkubwa haombi. Zamu yake ikifika anasema "Amina" basi, sawasawa na shangazi yake. Leo nilimshika jikoni.

"Wewe nawe umepatwa na nini? Siku hizi humjui Mungu?"

"Namjua, mama. Sitaki kumtumia."

"Kumtumia vipi? Sema na mimi vizuri."

Akaweka sahani chini. Ana miaka kumi na sita, na leo nilimwona mtu mzima amesimama pale, na nilimwogopa kidogo. Akaniambia aliyoambiwa na shangazi yake siku ile wakifumua sketi.

Mwaka mzima shemeji haongei na mkewe. Haongei kabisa. Hamsalimii asubuhi wala hamwiti kwa jina. Akitaka chai anamwambia mgeni au jirani aliyepo, na kama hakuna mtu anangoja mpaka aletewe. Neno lake kwa mkewe linatoka wakati mmoja tu, jioni, kwenye sala, wamepiga magoti wawili peke yao. "Bwana, nisamehe kwa kuupanda mti mkavu katika nyumba yako. Bwana, wenzangu umewapa wana, mimi umenipa mwanamke wa kufagia. Bwana, kama kuna dhambi aliyoificha tumboni, ifunue." Kila jioni, kwa ile sauti yake nzuri. Na akimaliza, mkewe anatakiwa aitikie Amina.

"Na unajua nini kingine, mama? Shangazi alisema kwa akina mumewe walikuwa hawasali jioni. Ni shangazi aliyempelekea hiyo desturi, walipooana. Alisema alimfundisha kwa furaha, kwa sababu alikumbuka hapa nyumbani tulivyokuwa tunacheka." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa kavu. "Alikuja hapa apumzike mbali na sauti hiyo. Na wewe ukamwombea."

Nilishika ukingo wa karo. Nikakumbuka simu: ninyi mwambieni tu. Nikakumbuka Kitinda na mtoto wa kucheza naye, sahani zikigongana. Nikakumbuka nilivyolala vizuri.

Mungu wangu. Nimemfukuza mtu kwa jina lako.

Ijumaa, 24 Januari

Nimemwambia baba watoto yote. Alizungusha kikombe.

"Aliniambia mumewe haongei naye," akasema. "Nikadhani ni hasira za kawaida."

"Za mwaka mzima?"

"Hiyo ya sala hakuniambia."

"Hukumuuliza. Mimi pia sikumuuliza. Tulikuwa tunamuuliza Mungu."

Akasema labda tumpigie shemeji simu, tuongee kiutu uzima. Akasema akienda yeye utakuwa ugomvi. Nikamwambia ugomvi ndio unaotakiwa, ila kwa kuwa aliyemtoa ni mimi, atakayemfuata ni mimi. Nikamwachia watoto na cherehani iliyofunikwa. Alipouliza watakula nini nikamwonyesha mahali chumvi ilipo.

Jumamosi, 25 Januari

Nimefika, nimerudi, na ni usiku wa manane. Lakini nataka kuliandika kabla halijapoa.

Basi liliniteremsha alasiri. Nyumba ya shemeji ni safi, sakafu inang'aa, mapazia yamepigwa pasi. Alinipokea kwa mikono miwili. "Shemeji yangu! Leo mvua itanyesha! Karibu, karibu sana, nyumba ni yako." Aliuliza habari za kila mtu kwa jina. Wifi akatoka jikoni na chai, akaniona, akasimama. Hakutabasamu wala hakununa. Akaweka sinia mezani.

"Shemeji," mumewe akaniambia mimi, akinitazama mimi, "mwambie mwenzio asukume sukari huku."

Wifi alikuwa karibu naye kiasi kwamba angeweza kumgusa kiwiko. Aliisukuma sukari. Nami nikanywa ile chai, jamani, nikainywa, kwa sababu nilikuwa bado sijui nitaanzaje. Begi la kijivu lilikuwa kwenye kona ya mlango wa chumba, limefungwa. Naona tangu arudi hajalifungua.

Tulikula. Shemeji alinichekesha mara mbili, na mara zote mbili nilicheka, nikajichukia. Kisha akasema, "Tumshukuru Mungu." Tukapiga magoti. Nikafunga macho kwa mazoea ya miaka yote.

Akaanza kwa shukrani za mgeni. Sauti ile kweli ni tamu. Kisha ikashuka chini kidogo. "Bwana, wewe unajua jinsi nilivyobeba msalaba huu kwa uvumilivu. Umemrudisha aliyekimbia, lakini umemrudisha mikono mitupu kama alivyoondoka. Nifundishe, Bwana, kuishi na mti usiozaa..."

Nikafumbua macho. Wifi alikuwa amepiga magoti, uso kwenye kiti, mgongo umetulia kabisa. Nilikuwa nimeuona mgongo ule. Niliuona sebuleni kwangu siku ya sketi, nikapita nikaenda kulala.

"Shemeji," nikasema.

Akaendelea kuomba.

"Shemeji, fumbua macho."

Akafumbua. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumkatiza. "Shemeji, tuko mbele za Mungu."

"Najua tuko wapi. Huyo unayemsema yupo hapa, mkono wako unamfikia. Mgeukie umwambie. Mwambie: wewe ni mti mkavu. Sema ukimtazama."

Alifungua mdomo. Alimtazama mkewe, na mkewe akainua uso akamtazama. Sikumbuki ni muda gani. Neno halikutoka. Yule mtu wa maneno yote, hana hata moja. Akanigeukia mimi tena, akasema kwa hasira ya chini, "Wewe ni mgeni katika nyumba hii."

"Ndiyo. Naondoka sasa hivi." Magoti yalikuwa yanauma, nikanyanyuka kwa kushika meza. Nikamgeukia wifi, na hapo ndipo sauti iliponikimbia, maana kwa shemeji nilikuwa na hasira ya kuniinua lakini kwake nilikuwa na aibu tupu.

"Wifi, sikutumwa na kaka yako. Wala sisemi nimetumwa na Mungu, nimeshamsingizia vya kutosha. Ni mimi nakuomba. Nilikutoa nyumbani kwangu kwa maneno ambayo sikuwa na ujasiri wa kukuambia. Turudi. Ukikataa nitaelewa."

"Na sebule yako?" akauliza.

"Tutabanana."

"Nitalipanga tena jiko lako."

"Najua. Nitakupigia kelele."

Alifikiri. Sikuwahi kungoja jibu la mtu hivyo maishani mwangu. Kisha akaenda kwenye kona, akachukua lile begi, akasimama mbele ya mumewe. "Naondoka," akamwambia. "Nakuambia wewe." Mumewe alitazama sakafu.

Tulipanda basi la mwisho. Wifi alilala, kichwa chake kikinigonga begani kila kwenye shimo, na mimi sikusogea.

Jumapili, 26 Januari

Sikwenda kanisani. Nilishindwa kunyanyuka. Wifi kalala mpaka adhuhuri kwenye godoro lake, na Kitinda alimlinda mlangoni akifukuza kila mtu. Mvua ya kwanza imenyesha.

Jumapili, 2 Februari

Habari imeshafika. Kwaya zina masikio. Mke wa mchungaji alinivuta pembeni baada ya ibada: "Mama, ndoa ya mtumishi! Tutaiombea sana."

"Mama mchungaji, kabla ya kuiombea, kamuulize wifi yangu. Yule pale amekaa."

Alienda, nitampa haki yake. Walikaa kwenye benchi la nyuma muda mrefu, na aliporudi alikuwa ameshikilia leso yake kwa mikono miwili na hakunisemesha tena kuhusu maombi. Mchungaji anataka kuwakutanisha wote wawili. Wifi amesema yuko tayari, mumewe akiongea.

Jumatano, 5 Februari

Mumewe hajaongea.

Alhamisi, 6 Februari

Tumeweka sheria. Neno la mtu aambiwe mtu, kabla ya kupiga magoti. Jioni ya kwanza ilikuwa vita. Baba watoto akasema taa za choo ni mimi. Nikasema bomba la jikoni linavuja na msoma mita yumo ndani. Dada Mkubwa akadai simu yake, akanyimwa, akalia. Wifi akaniambia chai yangu ina sukari ya kuulia watu. Tulipopiga magoti hatukuwa na la kusema, sala ikaisha kabla miguu haijafa ganzi. Kitinda peke yake aliomba kirefu. Viatu.

Nimechoka vile vile. Chumvi iko tena nyuma ya unga.

Jumapili, 9 Februari

Mvua mchana kutwa. Nguo zinakaukia sebuleni juu ya kamba, godoro chini ya nguo, sisi chini ya hapo tunatafuta pa kuweka magoti.

Kabla hatujapiga magoti, wifi akasema, "Nina neno." Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa godoro, amenielekea. Baba watoto akaanza kunyanyuka awapeleke watoto chumbani. Wifi akasema, "Wakae."

"Wifi. Siku ile ya sketi uliniumiza kuliko yule. Yule nilishamzoea. Wewe nilikukimbilia."

Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga tangu ndani ya basi. Yote yakanipotea. Nikasema, "Najua. Nisamehe."

"Bado sijaweza."

Kamba ilidondosha maji kwenye zulia. Hakuna aliyekohoa.

"Sawa," nikasema. "Sitakuharakisha."

"Nikiweza nitakuambia."

"Utaniambia mimi?"

"Wewe. Usoni."

Kisha akapiga magoti, nasi tukapiga magoti. Kitinda akaomba viatu. Dada Mkubwa akaomba, kidogo, kwa ajili ya mitihani. Ikafika zamu ya wifi, nami nilikuwa nimeshajiandaa kuisikia Amina yake ya siku zote. Akasema, "Bwana, ahsante kwa mvua." Basi. Nikaitikia Amina kwa sauti kuliko wote, nikaenda kuosha vyombo, naye akaja kufuta.